Mwaka Nilipotia Oili kwenye Breki ya Sista Kwandu

Mshereheshaji alinipa dakika tatu. Ilikuwa mwezi uliopita, katika ukumbi mmoja hapa Bariadi, kwenye jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya Sista Kwandu na Mzee Maduhu, nami nilikuwa nimejiandaa na karatasi nzima ya maneno mazuri kuhusu uvumilivu na hofu ya Mungu. Nikavaa miwani, nikakohoa kidogo, nikasema, "Mgeni rasmi, ndugu waalikwa," na kabla sijaendelea sauti ikatoka meza kuu, nyembamba kidogo kuliko nilivyoizoea lakini bado ina amri ndani yake: "Minza! Hayo wameshasema wote. Sema ya oili!" Ukumbi ulicheka bila kujua unacheka nini. Mzee Maduhu alipiga meza kwa kiganja hadi chupa za soda zikatikisika. Nilijaribu, lakini ya oili haiingii katika dakika tatu. Niliishia kusema kwamba nilipokuwa na miaka ishirini na minne nilikaribia kumvunja shingo mama huyu, nikatoa zawadi yangu ya mablanketi, nikarudi kukaa huku mshereheshaji akiniuliza kwa kipaza sauti kama nina uhakika nilikuwa nakunywa soda. Basi naiandika hapa, kwa urefu wake.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya tu, na Simiyu lilikuwa jina la mto, si la mkoa. Nilipangiwa zahanati ndogo ya misheni katika kijiji kimoja upande wa Lingeka, nikashuka kwenye lori na sanduku langu na nia moja moyoni: nikae miezi sita, kisha niombe uhamisho wa kwenda popote penye umeme. Sista Kwandu ndiye aliyekuwa mkuu wa zahanati. Tulimwita Sista kama wauguzi wengi wa siku zile walivyoitwa; hakuwa mtawa. Mumewe, Mzee Maduhu, alikuwa akilima mpunga Mwamanyili, na kila mwisho wa mwezi Sista alikunja gauni lake la kazi, akavaa suruali ya Mzee chini yake, akawasha pikipiki na kumfuata. Wanaume njiani walisimama kumtazama. Yeye aliwasalimia bila kupunguza mwendo. Alikuwa na miaka hamsini hivi, na kwangu mimi wa wakati ule hiyo ilikuwa sawa na kusema ana miaka mia.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya kulala na sebule, na sebule ilikuwa ya pikipiki. Jioni tuliipandisha kwa ubao, ikasimama kati ya meza na kabati la vyombo, na redio ikakaa juu ya siti yake kwa sababu hapo ndipo ilipokamata stesheni vizuri. Uji wetu ulinukia petroli kidogo. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukiteremshia maziwa ya mgando. Mchana ilikuwa ugali na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, na mpaka leo nikionja nsansa nzuri pua yangu inaitafuta petroli. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijapani, kubwa, ya buluu iliyopauka, imeachwa na wamisionari waliorudi kwao. Pikipiki nyingine zote kijijini zilikuwa na breki za ngoma. Hii mbele ilikuwa na diski, na diski ile ilibanwa na kipande cha chuma ambacho mafundi wanakiita kalipa, chenye pistoni mbili ndani yake. Hayo yote nilikuwa siyajui. Nilijua tu kwamba kila Jumatano tulifunga boksi la baridi la chanjo nyuma yake, tukavuka mto wa msimu, tukaenda kuchanja watoto wa ng'ambo, ambao bila sisi mama zao wangewabeba mgongoni nusu siku.

Jumanne moja Sista aliniita kutoka dirisha la chumba cha dawa. "Minza, itazame mafuta, kesho tuna safari." Alimaanisha oili ya injini. Nikaitazama, ilikuwa imejaa. Ningeishia hapo, lakini nilikuwa kijana na nilitaka kuonekana nina macho. Kwenye usukani, karibu na mkono wa breki, niliona kijikopo chenye kidirisha cha kioo, na ndani yake mafuta yamepungua. Mkononi nilikuwa na galoni ya oili. Mafuta ni mafuta, nikajiambia. Nikafungua skrubu mbili, nikamimina mpaka juu, nikafunga, nikafuta kwa tambara. Nilijiona fundi. Sikumwambia mtu, kwa sababu sikuona kama ni jambo la kusema. Leo nawafundisha wauguzi vijana, na jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba kwenye kabati la dawa chupa mbili zinaweza kufanana rangi na moja ikawa inaua. Huwa siwaambii nilijifunzia wapi.

Wiki zilizofuata pikipiki ikaanza kuwa nzito. Sista aliivuta gia ikalalamika. Tukisimama, gurudumu la mbele lilitoa joto na harufu ya kitu kinachoungua, na Sista aliipigapiga tangi kama mtu anayemfariji ng'ombe. "Imezeeka," alisema. "Na mimi nimezeeka. Tutafika." Nami nikaona ni maneno ya kweli. Kisha ikaja Jumatano ya msimu wa pamba, mto umekauka, umebaki mchanga mtupu. Tuliteremka ukingoni, Sista akagusa breki, gurudumu la mbele likakamata na halikuachia. Tulianguka polepole sana, kama watu wawili wanaojilaza. Boksi la chanjo lilibiringika likasimama wima lenyewe. Mimi niliamka na mchanga mdomoni, na Sista akabaki amekaa palepale, ameshika kifundo cha mkono wa kulia, akitazama pikipiki, si mkono.

"Limefunguka?" aliuliza.

"Nini?"

"Boksi, Minza! Boksi!"

Halikuwa limefunguka. Kwa hiyo akaniamuru nilibebe kichwani niende peke yangu, na siku ile kwa mara ya kwanza nilichanja watoto wa kijiji kizima bila yeye. Yaliyotokea mtoni nilisimuliwa. Gurudumu lilikuwa limeganda kabisa, pikipiki haisukumiki. Akapita bwana mmoja anayetoka lamboni kunywesha ng'ombe, ana mkokoteni na maksai wawili.

"Mwadila," akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mhola?"

"Mhola. Imekufa hiyo?"

"Haijafa. Imeganda mguu wa mbele."

Bwana yule aliwaza. "Ng'ombe akiganda mguu, sisi tunachinja," alisema, kisha akamsaidia kuipakia. Pikipiki iliingia kijijini juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na Sista Kwandu amekaa kando yake, mkono umefungwa kwa kanga, anaitikia salamu za watu mmoja mmoja bila kuruka hata moja.

Fundi baiskeli wa pale sentani penye maduka aliigonga kwa nyundo asubuhi nzima, kisha akashauri tukate mpira wa breki ya mbele na kuendesha kwa ya nyuma peke yake. "Wenzako wote wanaendesha hivyo," alisema. Sista akamjibu kwamba wenzake wote hawabebi chanjo. Katibu wa afya wa misheni, aliyekaa Bariadi, akapata habari, na barua yake ikaja kwa mkono wa dereva: pikipiki irudishwe mwisho wa mwezi iuzwe kama chuma chakavu, na kliniki ya ng'ambo ya mto isimame mpaka itakapopatikana njia nyingine. Wote wawili tulijua njia nyingine ni maneno ya barua. Sista aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Kesho yake tulipandisha pikipiki juu ya marobota ya pamba kwenye lori, tukapanda na sisi, tukaja Bariadi kwa binamu yake Masanja.

Masanja alikuwa fundi mitambo wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya kiwanda hicho. Nyuzi za pamba zilielea uani kutwa. Zilikaa kwenye nyusi zetu, kwenye mboga, kwenye kamba ya nguo. Mkewe, Holo, alikuwa akifunika kila sufuria kwa sahani na kila sahani kwa kawa, na bado tulikula pamba. Mimi na Sista tulipewa chumba kimoja cha ukuta wa mabati kinachopakana na banda la kazi, chenye kitanda cha futi nne na magunia ya choroko. Ukiwa ndani ulisikia kila spana inayoanguka upande wa pili.

Mchana wa siku ya pili nilikuwa humo chumbani nikichambua choroko kwenye ungo, na Masanja alikuwa bandani ameshafungua kalipa. Nilimsikia akiita.

"Dada, njoo unuse."

"Ninuse nini?"

"Haya si mafuta ya breki. Hii ni oili ya injini. Mafuta ya breki hayaumizi mpira, oili inauvimbisha. Ona hizi sili, hizi pete za mpira. Zimevimba kama mguu ulioumwa na nyoka, zimezibana pistoni haziendi mbele wala nyuma. Nani anaigusa pikipiki yako?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Basi ni wewe."

Nikamsikia Sista akisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Basi ni mimi. Ila sikumbuki, Masanja. Hilo ndilo linaloniogopesha. Mwezi jana nilitafuta miwani nyumba nzima, kumbe nimeivaa. Nikacheka. Sasa hili. Unamkumbuka mama mkubwa? Alianza hivihivi, akaishia kutomjua mwanawe. Muuguzi asiyekumbuka alimimina nini kutoka chupa gani hafai kushika sindano. Keshokutwa naenda kwa Katibu. Pikipiki waichukue, na mimi waniondoe."

Nitasema kweli, maana sina sababu ya kujipamba sasa: kilichonijia kwanza kilikuwa nafuu. Hakuna aliyenishuku. Ilidumu kwa muda wa kuokota kijiwe kimoja kwenye choroko na kukitupa. Baada ya hapo nilianza kuona ninachokisikia. Mwanamke huyu alikuwa amelibeba kosa langu, na hakulibeba kwa wema. Alilibeba kwa sababu alidhani ni lake, na lilikuwa linamla akili. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, nimekaa vikao vingi vya kuuliza nani alikosea, na nimeona kwamba kosa lililofichwa halibaki bila mwenyewe. Likikosa mwenyewe humwangukia yule mwenye dhamiri kuliko wote chumbani. Lakini siku ile sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na ungo mapajani na masikio yanayowaka. Holo aliingia, akanitazama. "Wewe, unachambua au unasali?" Nikauweka ungo chini, nikatoka.

Walikuwa wamekaa kwenye viti vidogo, kalipa kati yao juu ya gazeti.

"Sista, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Oili. Niliitia mimi. Siku ile uliponiambia niyatazame mafuta. Niliona kile kikopo kimepungua, nikajaza."

"Kwa mikono yako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi sikutia."

"Hukutia, Sista."

"Masanja, umesikia? Sikutia!" Alisimama, akajipiga paja kwa mkono mzima. "Wifi! Holo! Njoo usikie! Kichwa changu kizima!" Alipiga kigelegele, mwanamke mzima mwenye cheo, katikati ya banda la fundi, mpaka wapakiaji wa marobota wakachungulia juu ya uzio. Kisha akanigeukia, na uso ukabadilika. Akaivua kanga begani akanichapa nayo mara tatu. "Na wewe! Wiki zote hizi! Unaniona naisukuma, naisemesha, umenyamaza!" Nilijaribu kueleza kwamba mpaka dakika chache zilizopita nilikuwa sijui oili ndiyo iliyoharibu. "Hukujua kwa sababu hukuuliza," alisema.

Tangu hapo hakunisemesha. Chakula cha jioni kililiwa na ujumbe ukapitia kwa Holo. "Wifi, mwambie huyo anipe chumvi." "Wifi, muulize huyo kama ameshiba." Tulilala kitanda kimoja tumepeana migongo. Asubuhi Masanja akaniwekea kiti kidogo bandani. "Aliyetia ndiye atakayetoa," alisema. Sili mpya, za kalipa na za juu kwenye mkono wa breki, alikuwa ameshaziagiza Mwanza. Zingekuja na basi. Kazi yetu ilikuwa kuzitoa pistoni. Saa nne hivi akatokea Mzee Maduhu, ametoka Mwamanyili na gunia dogo la mchele begani, kwa sababu kondakta wa basi alimwambia mkewe ameonekana akisafiri juu ya pamba mkono umefungwa. Alimkagua Sista kwanza, akaushika ule mkono, akaugeuza, akaurudisha taratibu mapajani pake. Akaniangalia mimi. "Ndiye huyu?" "Ndiye," akajibu Sista. "Mbona mdogo hivi," akasema Mzee, akavuta kiti kuangalia kazi.

Shauri la kwanza lilikuwa lake. "Pelekeni pale wanapojaza upepo wa matairi. Upepo ukiingia humo, pistoni itatoka yenyewe."

Masanja alimwonyesha kidole gumba cha mkono wa kushoto. Hakikuwa na ukucha. "Ilitoka yenyewe hivi," alisema. "Upepo unairusha kama risasi. Grisi haina haraka. Grisi inasukuma tu."

Alikuwa amechonga nipo, kichuma chenye tundu la kupitishia grisi, kinachoingia pale mpira wa breki unapofungwa. Akaikaza, akaiziba sehemu ya kutolea upepo, akabana kalipa kwenye jiliwa, akanipa bomba la grisi. Nikapampu. Mwanzo ilikuwa rahisi, halafu bomba likawa gumu, halafu mikono ikaanza kuniuma mabegani. Nyuzi za pamba ziliniganda kwenye jasho la shingo. Nikapampu tena, na pistoni moja ikasogea, polepole, ikang'aa kidogo pembeni. Nilipiga kelele kama mtoto. Masanja akanisimamisha. Ya pili haikuwa imesogea hata unywele.

"Hapa ndipo wengi wanapoharibu," alisema. "Ukiiacha hii ya kwanza itoke yote, grisi itapita hapo, na ya pili hutaitoa tena. Lazima ya kwanza izuiwe." Akaweka kipande cha mti mbele yake akakikaza kwa klampu. "Haya. Sasa nguvu yote inamwendea huyu mkaidi."

Nikapampu. Hakuna. Nikalala juu ya bomba kwa uzito wangu wote. Hakuna. Nilianza kupampu kwa hasira, machozi yakinitoka, kwa sababu bomba lilikuwa limekuwa ile barua ya Katibu, na watoto wa ng'ambo, na ule mgongo ulionigeukia kitandani. Ndipo nyuma yangu nikasikia sauti.

"Pole pole. Pacha wa pili huyo, amekaa vibaya. Hakuna anayemtoa pacha kwa hasira."

Hakuna aliyegeuka. Mzee Maduhu alitazama chini akitabasamu miguuni mwake. Sista alikuwa ameshasogeza kiti mpaka karibu nami. "Kulwa katoka, Doto kakataa," alisema. "Umeshawahi kuliona hilo leba au hujawahi?"

"Nimewahi."

"Unafanyaje?"

"Nasubiri. Naangalia. Nampa mama joto."

"Wifi!" aliita Sista. "Yale maji ya ugali yamechemka?"

Holo aliyaleta yanatoka mvuke. Tuliyamwaga juu ya kalipa kidogo kidogo, ili chuma kitanuke kabla ya kilichomo. Masanja akawa anagonga ubavuni kwa mpini wa nyundo, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Sista akahesabu pumzi zangu kama alivyowahesabia wazazi. "Sukuma. Basi. Pumzika. Sukuma tena, usikate. Basi." Mara ya nne au ya tano, sikumbuki, nilisikia kwenye kiganja kabla ya kusikia kwa sikio: bomba lililegea kidogo sana. Kisha ukatoka mlio mwembamba, kama mlango wa kabati la zamani, na Doto akaanza kuja. Sista aliweka mkono wake wa kushoto chini yake na tambara. Masanja akalegeza klampu, Kulwa naye akaja, na zote mbili zikaanguka kiganjani mwa Sista zimejaa grisi, nyeusi, nzito, zina madoa ya kutu kama ndui.

"Saa sita na robo," alisema Sista, kwa mazoea ya kuandika muda. Tulicheka mpaka Holo, aliyepoteza maji yake ya ugali, akasema kama ni kucheka basi tule kicheko. Tulikula wali wa Mzee Maduhu saa tisa, na aliyenipitishia chumvi alikuwa Sista mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya muuguzi, na hapo hata Masanja alikaa pembeni. Ndani ya kalipa kulikuwa na mifereji miwili myembamba inapokaa sili, imejaa uchafu uliogandamana. Masanja alikataza petroli na mafuta ya taa. Vyote vingevimbisha mpira mpya. Sista akatoa mkobani chupa ya spiriti na kibanio cha kushikia pamba ya vidonda, na pamba yenyewe, kwa Mungu, hatukuwa na shida nayo. "Anzia kwenye usafi uelekee kwenye uchafu," alinikumbusha, nami nikaizungusha ile mifereji mpaka ikang'aa. Kutu kwenye pistoni niliiondoa kwa msasa laini wenye maji, nikipapasa kwa kidole baada ya kila mzunguko, na pale palipobaki kishimo Masanja alipapasa na yeye, akasema hapo hapagusi sili, pakae. Basi lilipoleta bahasha ya Mwanza, tulipaka sili mafuta ya breki, yale ya kweli, na pistoni zilizotolewa kwa taabu ya grisi na maji ya moto zikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba kimoja. Sikuamini. Nilimwomba Masanja anionyeshe tena.

Kwa Katibu tulikwenda wote watatu, mimi, Sista na pikipiki. Alikuwa mtu wa shati jeupe, mpole, anayependa mambo yaandikwe. Alichukua fomu, akauliza chanzo cha ubovu. Sista alifungua mdomo, nikamtangulia. "Andika: niliweka oili ya injini kwenye breki, mimi Minza." Kalamu yake ilisimama. Akaandika. Akauliza nani anathibitisha kwamba sasa ni nzima, na Sista akamwambia, "Panda." Mkono wake ulikuwa bado umefungwa, kwa hiyo niliyeendesha ni mimi, kama alivyonifundisha jioni za kijijini, na Katibu wa afya akakaa nyuma ameshikilia kalamu na fomu. Tulifika barabara ya mnadani, nikaongeza mwendo, na hapo mbele likakatiza kundi la ng'ombe. Nikavuta mkono wa breki kwa vidole viwili. Pikipiki ilisimama palepale bila kuteleza, na ndama mmoja akanusa taa. Katibu alishuka, akakunjua shati, akatazama umbali uliobaki kati ya gurudumu na ndama.

"Imesimama," alisema.

"Ndiyo, mzee."

Aliandika kitu akiwa amesimama barabarani. Ofisini aliniomba nisubiri nje, lakini dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akimuuliza Sista kama angependa nihamishwe, kwa kuwa kosa lilikuwa kubwa na yeye ndiye aliyeumia. "Umhamishe?" alisema Sista. "Nimeshaingia hasara ya mkono mzima kumfundisha, halafu nimpe mwingine? Mwache." Nikiwa pale nje, nimesimama kati ya maua ya misheni, niligundua kwamba ile miezi sita yangu ilikuwa imeshapita na sikuwa nimeiona ikipita. Nilikaa kijijini kule miaka minne.

Tuliondoka Bariadi baada ya chakula cha mchana. Mzee Maduhu alikuwa ameshapanda basi lake la Mwamanyili. Kwa mkono ule Sista hakuweza kuendesha, akapanda nyuma, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na kwa nusu saa ya kwanza aliniendesha mimi: punguza, shika kushoto, shimo, mbuzi, usifuate lori, vumbi. Nilijibu ndiyo Sista kwa kila kimoja. Tulipotoka kwenye barabara kubwa na kuingia njia ya mashamba, pamba zimeshavunwa na mabua yamebaki makavu pande zote, maagizo yakaanza kupungua. Kisha yakaisha. Kitu kizito kikaniegemea mgongoni, kati ya mabega. Nilidhani anaumwa. Nikabana breki taratibu, nikasimama, nikageuza shingo. "Sista?" Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi kidogo, miwani imepanda kwenye paji la uso.

Niliivua kanga yangu, nikaizungusha kiunoni kwake na kwangu, nikafunga fundo mbele, kwa nguvu, kama mama anavyomfunga mtoto. Nikaondoka kwa gia ya pili na sikuibadilisha. Watu waliokuwa wakitoka mashambani walisimama kando ya njia, wakaniitia mwadila kwa sauti kubwa, wengine wakicheka kumwona Sista Kwandu amebebwa, na mimi ambaye nilikuwa nimefundishwa kutoruka salamu ya mtu nilizijibu zote kwa kuinua kidevu tu, nisije nikamwamsha.